Kutoka Niagara hadi Victor, Kufuata Vikombe vya Kauri

Jumatano, Niagara Falls

Aprili ndiyo mwezi wa kazi hii. Theluji imekwisha, magugu hayajapanda, na mtaro ambao Julai huuoni kwa majani sasa uko wazi hadi chini. Tumeingia Niagara Falls, upande wa Marekani, saa nne asubuhi, mimi na Mzee wa Bukavu. Kwao alikuwa fundi wa laini, umeme wa mto Ruzizi, kabla ya kuhamia Buffalo, jiji ambalo siku hizi ukienda kunyoa unaweza kukaa saa nzima ukisikia Kiswahili cha Kivu tu. Mimi ni mtu wa Tanga, fundi umeme pia, na nakusanya vikombe vya kauri, yaani zile insuleta za zamani zilizokaa juu ya nguzo kuushika waya usiguse mti.

Watalii walikuwa wanakimbilia maporomoko. Sisi tukashika njia ya Goat Island kuangalia lango la mawe. Ndilo lililosalia la nyumba ya mitambo ya Edward Dean Adams. Nyumba yenyewe ilibomolewa mwaka 1961, lango likahamishiwa kisiwani. Kisiwani humo humo yupo Nikola Tesla, mvumbuzi wa mambo ya umeme, wa shaba, ameketi, karatasi zimetandazwa mapajani. Sanamu hiyo ilitolewa na Yugoslavia mwaka 1976. Mzee alivua kofia, akasimama mbele yake kitambo.

“Huyu ndiye alitupatia kazi,” akasema.

Ndani ya nyumba ile walifunga jenereta za kampuni ya Westinghouse, kila moja nguvu za farasi 5,000. Usiku wa manane wa kuamkia Novemba 16, 1896, umeme ulifika Buffalo, mwendo wa kilomita kama 42, kwa msongo wa volti 11,000, na kazi ya kwanza uliyopewa ni kuendesha tramu. Leo volti 11,000 ni laini ya mtaani. Fundi wa Dar es Salaam anaishughulikia kila wiki bila kuiwaza. Mwaka ule ilikuwa jambo zito, kwa sababu vifaa vya kuubeba msongo huo nje, kwenye mvua na barafu, vilikuwa bado vinatafutwa.

Kilichowasumbua ni maji. Waya ukishapita juu ya kikombe, umeme una njia rahisi ya kutorokea: kuteleza juu ya uso wa kikombe hadi kwenye pini, yaani kijiti kinachokishikilia kikombe, kutoka pini kwenda mkono wa nguzo, kisha ardhini. Uso ukiwa mkavu, hautelezi. Uso ukilowa, hasa ukiwa na vumbi na masizi ya viwandani, unateleza. Ndiyo maana kikombe kina sketi, yaani ukingo unaoshuka kukizunguka: mvua inaupiga uso wa nje, lakini tumbo la ndani linabaki kavu. Ukiongeza sketi ya pili na ya tatu, umeme unalazimika kupanda na kushuka safari ndefu kabla ya kuufikia mti. Ukilishika hilo, kila umbo utakalookota utaweza kulisoma: fundi fulani, mahali fulani, alikuwa anajibizana na mvua ya kwao.

Kikombe cha laini ya Niagara kilitengenezwa Trenton, New Jersey, katika kiwanda cha Imperial. Ukikitazama kutoka juu ni duara lililovutwa, na ukingo wake umefinyangwa uyakusanye maji na kuyamwaga kwenye ncha mbili, mbali na mkono wa nguzo, ili kwenye baridi kali barafu isijijenge pale chini. Wakusanyaji wanakifananisha na kofia ya chuma ya askari. Nimeona picha zake nyingi. Cha mkononi bado.

Mchana tulipita kulitazama lile jengo la transfoma la Adams, mawe matupu, kazi ya wasanifu wa McKim, Mead & White. Tuliliangalia kutoka nje. Humo ndimo umeme wa fezi mbili (mikondo miwili inayopishana kwa wakati) uliotoka kwenye jenereta ulipogeuzwa kuwa wa fezi tatu kabla ya kushika njia ya Buffalo, kwa mpango wa mhandisi Charles Scott. Ni jengo lililotulia sana. Anayepita kwa gari hawezi kujua kwamba hapo ndipo jiji zima lilipounganishwa na mto.

Alhamisi, Tonawanda

Leo kazi ya miguu. Laini ya zamani ilipita maeneo haya kwenda Buffalo, na mengi yake sasa ni maegesho ya magari, maghala na nyumba. Lakini kuna mashamba bado. Mwenye shamba moja tulishaandikiana tangu Februari, akaturuhusu tutembee kwenye mtaro wa mpakani na kwenye tuta alikosukumia mawe anapolima.

Niseme hapa utaratibu wetu, maana nimeona vijana wakiingia kwenye jambo hili kwa pupa. Hatupandi nguzo, hata iliyoinama, hata iliyokatwa waya upande mmoja. Mzee amezika wenzake wawili kwa laini “iliyokufa”. Hatuingii eneo la reli. Ni mali ya watu na treni haisubiri. Tunachookota ni kilichoanguka, juu ya ardhi ya mtu aliyetupa ruhusa, na tukimaliza tunamwonyesha kila kipande kabla ya kuondoka.

Saa mbili za kwanza tulipata chupa, kwato za ng'ombe na kauri ya sahani. Baadaye Mzee akaniita kutoka chini ya tuta. Alikuwa amepiga magoti, anafukua kwa vidole. Kilichotoka ni kipande cha kahawia cha ukubwa wa kiganja, kimekunjika kama ukingo wa kofia, na upande wa nyuma kimeng'ang'aniwa na saruji ya kijivu.

Nilikiosha kwa maji ya chupa nikakigeuza kwenye mwanga. Hiki si kikombe cha 1896. Ni kipande cha insuleta ya magamba mengi, ya miaka iliyofuata, msongo ulipokuwa unapandishwa. Laini hii yenyewe ilifikishwa volti 22,000 mwaka 1901. Sababu ya kutumia magamba ni udongo. Ukifinyanga pande nene la kauri, nje linakauka kabla ya ndani, na ndani ya tanuri linapasuka. Basi walifinyanga magamba membamba, kila moja likachomwa peke yake, halafu yakapandanishwa, dogo ndani ya kubwa, kwa saruji.

Na hapo ndipo kipande chetu kilipoanza kusema. Ufa wake haukuanzia nje, mahali jiwe la mtoto mtukutu lingegonga. Ulianzia kwenye saruji, ukapanda kwenda juu kwa mistari mitatu, na mistari hiyo imeingia weusi wa zamani. Saruji inapokaa miaka ndani ya unyevu na baridi huvimba, kidogo mno kwa jicho, lakini kauri haina mahali pa kukimbilia. Inapasuliwa kutoka ndani. Wahandisi wa mwanzoni mwa karne iliyopita walihangaika na tatizo hilo kwa miaka, insuleta zikianguka bila radi wala dhoruba, nao hawajui kwa nini. Jibu lao nimelishika mkononi, kwenye mtaro wa shamba la mahindi.

Kwa sababu hiyo mimi napenda vipande. Wakusanyaji wengi wanataka kizima, kisicho na mkwaruzo, king'ae kabatini. Siwalaumu, kizima kinapendeza. Lakini kizima kinakuonyesha sura tu. Kilichovunjika kinakufungulia tumbo, ukaona udongo uliosagwa vizuri au vibaya, ganda la rangi limeingia kiasi gani, na mwisho wake ulikuja kwa njia ipi.

Karibu na ukuta wa ghala tuliokota kipande kingine, cheupe, kidogo, cha kishikizo cha waya wa ndani ya nyumba. Hapo Mzee akafungua mkoba wake akatoa chupa ya wino mwekundu. Tukaviweka vipande viwili kwenye boneti ya gari, pande zilizovunjika zikitazama juu. Tone moja kwa kila kimoja. Juu ya kile cha kahawia wino ulikaa kama ulivyotua, duara, unang'aa. Tulipoufuta kwa kitambaa haukuacha alama. Juu ya kile cheupe ulitanda papo hapo, ukazama, na doa la waridi likabaki hata tulipokisugua.

“Hii inakunywa maji, mwanangu,” Mzee akasema. “Haiwezi kubeba moto mingi.” Yaani umeme mkubwa.

Ndiyo tofauti kubwa kuliko zote katika kauri ya umeme. Cheupe kilitengenezwa kwa njia kavu: unga wa udongo wenye unyevunyevu kidogo unashindiliwa kwenye kalibu ya chuma. Ni haraka na rahisi, ila kati ya chembe na chembe hubaki vitundu. Kwa volti za taa za nyumbani hakuna tabu. Cha kahawia kilifinyangwa kwa udongo mbichi, uliopigwapigwa hadi hewa ikatoka, ukazungushwa kwenye gurudumu ndani ya kalibu ya plasta. Kikitoka tanurini kimekuwa jiwe. Wakati umeme wa msongo mkubwa unaanza, baadhi ya wenye laini walinunua kauri kwa weupe na mng'ao wake, na kauri inayokunywa maji ikatobolewa na umeme katikati ya mwili. Nje inang'aa, ndani imelowa.

Mwenye shamba alikuja jioni na mbwa wake. Alipoona wino alicheka, akaomba turudie jaribio. Tukalirudia. Vipande akatuachia.

Ijumaa, LeRoy na Lima

Mvua kutwa. Watu wengi wanaijua LeRoy kwa Jell-O, ile jeli ya unga iliyobuniwa hapa mwaka 1897, na jumba lake la makumbusho lipo. Sisi tulikuja kwa ajili ya John S. Lapp, mhandisi aliyetoka kiwanda cha insuleta cha mji wa Victor, mwisho wa safari yetu, akaja kuanzisha chake hapa mwaka 1916. Jina la Lapp liko kwenye vituo vya umeme vya nchi nyingi. Tuliuzunguka mji polepole, tukala supu, tukaendelea.

Lima hakuna cha kuona kwa mvua hii. Kiwanda cha Lima Insulator kilianza mwaka 1904, kikateketea kwa moto mwaka 1908, na ufupi wa maisha yake ndio unaofanya vikombe vyake vitafutwe sana. Nilisimama njia panda nikiwaza watu waliokuwa wanafinyanga humo, miaka minne tu. Mzee alibaki garini na chai yake.

Jumamosi, Victor

Hapa ndipo moyo wa safari ulipo, nami nitaandika kwa urefu.

Fred Locke alizaliwa mwaka 1861, akawa mpiga simu za telegrafu na wakala wa stesheni ya reli hapa Victor. Mtu wa telegrafu anaujua ubaya wa kikombe kibovu: mvua ikinyesha, ujumbe unafifia njiani kwa sababu umeme unavuja kwenye kila nguzo. Akaanza kubuni vikombe vyake na kuvitengenezesha kwenye viwanda vya wengine, vya kioo kwanza, kisha vya kauri kutoka Imperial ya Trenton, vikiwa na jina lake. Mwishoni mwa miaka ya 1890 akawasha tanuri lake mwenyewe mjini hapa. Alikuwa anajaribu bila kukoma: udongo wa pande mbalimbali, madini ya feldispa, mchanga wa kwatzi, vipimo vya kila aina. Mwaka 1902 kampuni ikasajiliwa kwa jina lake. Mwaka 1904 akawa ameshatoka, wenye mtaji wamebaki nayo. Aliendelea na majaribio yake nyumbani hadi alipofariki mwaka 1930. Wakusanyaji wanamwita baba wa insuleta ya kauri, na kwa maoni yangu jina hilo anastahili. Wapo waliofinyanga kauri kabla yake. Yeye ndiye aliyeing'ang'ania hadi ikaweza kubeba msongo uliokuwa unaongezeka kila mwaka.

Safari hii niliipanga iangukie Jumamosi ya mauzo ya wakusanyaji, ambayo mwaka huu yako kwenye ukumbi wa kijiji cha jirani. Meza zimepangwa kuta zote nne. Kioo kina wateja wengi zaidi, kwa rangi zake: kijani, samawati, zambarau ya jua. Kwenye kioo watu wanataja namba za orodha ya N. R. Woodward, kwenye kauri tunataja za orodha ya Jack Tod, herufi U kwa vikombe vya kipande kimoja na M kwa vya magamba mengi. Ukishazoea, watu wawili wasiojuana wanaelewana kwa namba moja tu.

Meza ya tatu kulikuwa na kikombe cha samawati nzito ya kobalti, cha kupendeza mno, na bei imeshushwa. Mzee alikichukua, akakigonga kwa ukucha akiwa amekiweka sikioni. Kauri nzima inalia. Yenye ufa inajibu kwa sauti iliyokufa. Hiki kililia vizuri. Kisha akapitisha ukingo wa sketi kwenye shavu lake, polepole, mzunguko mzima, akasimama mahali fulani. Kauri ni baridi ya jiwe. Gundi ya rizini iliyopakwa rangi haina baridi hiyo. Tukaomba taa ya urujuanimno kwa jirani wa meza, na pale pale alipoishia Mzee pakawaka tofauti, kipande cha upana wa kidole gumba kilichojazwa na kupakwa rangi. Muuzaji mwenyewe hakuwa anajua, alikinunua hivyo hivyo. Akabadilisha kibandiko chake akaandika kwamba kimekarabatiwa. Nilimheshimu kwa hilo.

Meza nyingine ilikuwa na jozi ya Colgate, kile kikombe cha California chenye kofia ya kauri juu na kioo chini. Laini ya kutoka kituo cha umeme cha Colgate kwenda Oakland iliwashwa mwaka 1901 kwa volti 60,000, zaidi ya kilomita 220, na ikavuka mlangobahari wa Carquinez kwa waya uliotandazwa kilomita moja na theluthi hivi hewani. Kwa vikombe vya kusimama juu ya pini, hapo ndipo walipokuwa wanakaribia ukomo. Ukitaka msongo zaidi, kikombe kinakuwa kikubwa, kizito, pini inavunjika. Mwaka 1907 Edward Hewlett na Harold Buck wakaleta njia nyingine: sahani za kauri zilizoning'inizwa kama ushanga, ukitaka volti zaidi ongeza sahani. Aliyekulia Tanga anazijua sahani hizo za kahawia kutoka kwenye minara ya laini za Hale. Kazi ya kikombe cha pini kwenye laini kubwa iliishia hapo, na mashindano ya maumbo ambayo tunayakusanya leo yalidumu kama miaka kumi na tano tu.

Saa nane mchana nikakiona. Kabati la kioo mezani kwa mzee mmoja wa makamo ya Mzee wetu, na ndani yake kofia ya Niagara. Hakiuzi. Nilimweleza tulikotoka, mtaro, wino, saruji iliyovimba, nikamwonyesha kipande cha kahawia mfukoni. Akafungua kabati akaniwekea kikombe mikononi bila neno.

Ni kizito kuliko nilivyotarajia. Mfereji wa juu, mahali waya ulipolala, umekwaruzwa na kuacha mistari ya kijani hafifu ya shaba. Ukingo wa pembeni nimeufuata kwa kidole: unapanda kidogo katikati, unashuka kwenye ncha, nadhifu kabisa, na mtu yeyote angeona maji yalikusudiwa yaende wapi. Nilikigeuza. Ndani kwenye tundu la pini nyuzi za skrubu zimebaki na alama za vidole vya mfinyanzi, mahali alipokisokotolea nje kalibu udongo ukiwa mbichi. Mwanga ulipolala ubavuni, mistari ya ngozi ya kidole ilionekana chini ya ganda la rangi. Mtu wa Trenton, mwaka 1896. Mzee naye alikishika, akautia mkono wake ndani mahali pale pale, akatikisa kichwa, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

Mwenye kabati aliniuliza kama nakiuza kipande changu. Nikamwambia siuzi, ila kama ana vipande vilivyovunjika vya laini ile tunaweza kubadilishana. Akasema anavyo ndoo nzima gereji kwake, hajawahi kuona mtu anavitaka. Namba za simu tumepeana.

Nilinunua kimoja tu: kikombe cha kahawia chenye jina la Locke na Victor kichwani, sketi imemeguka robo. Dola 12.

Jumapili, nyumbani

Kuosha. Maji ya vuguvugu, sabuni, mswaki laini. Masizi ya reli hayatoki kwa sabuni. Hayo nayaloweka kwenye mafuta ya taa kidogo kisha naosha tena. Saruji siigusi, wala alama za shaba. Anayezisugua ili king'ae anafuta kumbukumbu ambayo hairudi.

Kila kipande kimepata karatasi: mahali, tarehe, jina la aliyeturuhusu, kina cha udongo, na upande ufa ulikoanzia. Cheupe chenye doa la wino amekichukua Mzee. Jumatano anafundisha vijana wa Kikongo wanaosomea ufundi umeme hapa Buffalo, na anataka wajaribu wenyewe kabla hajawaeleza chochote.

Mwenye shamba ameandika jioni hii kwamba Mei atalima upande wa pili wa tuta. Ametuambia tuje na chupa ya wino. Mjukuu wake anataka kuona.